Hodi Tatu Mlangoni pa Karakana

Kwa miaka sita, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, tulizuru majengo ya kale ya Birmingham tukiwa wawili: mimi, mwalimu mstaafu niliyelelewa Mombasa, na rafiki yangu Kalasinga, seremala mzaliwa wa Nakuru. Mimi nilisoma vitabu kabla ya kuondoka nyumbani Stechford. Yeye alisoma mbao. Nikimtajia umri wa jengo, yeye hupapasa mlango kwa mkono wa kulia na kunisahihisha.

"Jengo ni babu, mwalimu, lakini mlango huu ni mjukuu. Vitabu vyako vimekudanganya."

Mara nyingi alikuwa sahihi.

Tuliutazama mnara wa saa wa chuma uliosimama njiapanda huko Hockley. Tulishuka makaburini, ambapo vyumba vya kuzikia vimechongwa ndani ya mwamba. Hata hivyo, hatukupapenda mahali popote kama karakana ya zamani ya masonara, iliyohifadhiwa vilevile kama wenyewe walivyoiacha siku waliyofunga kazi. Makoti yangali misumarini. Vikombe vya chai vimekaa mezani, kando ya tupa na koleo.

Kwa ajili ya vikombe vile sikuweza kuingia kimyakimya. Kwetu nyumba ya watu haiingiwi bila hodi, na hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni hurudi alikotoka bila kinyongo. Basi nilibisha hodi kizingitini, na seremala, aliyekwisha kunitangulia, akaitikia kutoka nyuma ya mashine: "Karibu, mwalimu! Vua viatu, chai inachemka!" Wageni wengine waligeuka kututazama. Yeye alicheka mpaka akashika ubavu. Tangu siku hiyo hatukuingia pale kwa namna nyingine.

Mwezi uliopita alipatwa na kiharusi. Binti yake, ambaye hukielewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, alinipigia simu kuniarifu kwamba baba yake hajatamka neno kwa lugha yoyote kati ya zake tatu.

Jumamosi yetu ilipowadia, nilikwenda Hockley peke yangu. Mlango wa karakana ulikuwa wazi na tiketi ninayo mkononi. Nilisema hodi, nikasubiri kwa muda unaostahili. Nikasema ya pili, kisha ya tatu. Mama wa mapokezi aliniashiria niingie, pengine akidhani nasita kwa sababu ya uzee. Nilimshukuru, nikatoka. Nilisimama chini ya mnara wa saa dakika nyingi nisizozihesabu, mimi ambaye huhesabu kila kitu. Wiki ile nzima sikuwa nimetamka Kiswahili ila hodi zile tatu.

Kisha nikapanda basi kwenda hospitalini, upande wa Bordesley Green. Pazia la kitanda chake lilikuwa limevutwa. Binti yake, aliyekuwa akitoka kutafuta maji, aliniambia niingie tu. Baba yake yu macho.

"Hodi," nilisema nje ya pazia.

Mahali fulani wodini kijiko kiligonga sahani.

"Hodi, fundi."

Nilisikia shuka ikisogea, au nilitaka kuisikia. Ya tatu niliichelewesha. Kanuni ninaijua, nimewafundisha watoto wa watu na wangu. Nikiitoa isiitikiwe, itanipasa kuondoka.

"Hodi."



Nilivua viatu, nikavipanga sambamba chini ya pazia, nikaingia bila kukaribishwa kwa mara ya kwanza katika miaka yangu sabini na miwili. Macho yake yalikuwa wazi, yameelekea dirishani. Nikavuta kiti, nikaushika ule mkono wa kulia. Nilimweleza kwamba makoti yangali misumarini na vikombe viko palepale. Sikumwambia kwamba sikuingia.

Kisha nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye hakika, kwamba mlango wa karakana una umri sawasawa na jengo lake, nikangoja anisahihishe.