Bima inataka nimtaje jirani aliyenizikia mama

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana jengo letu lina familia chache na huku Bangwe tunajuana. Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, fundi cherehani. Mimi na mume wangu tulinunua apatimenti ya chini kwenye ghorofa moja. Umoja wa wamiliki umekatia bima kuta, paa na ngazi, lakini vya ndani kila mtu anajitegemea. Sisi tulikata. Mama Nasra, mjane anayekaa juu yetu, hakukata.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu kutoka Mwamgongo kwamba mama yangu amefariki. Nilipiga ukelele jengo zima likasikia. Mama Nasra alishuka mbio, akanikumbatia, akanifungia mizigo, tukapanda boti pamoja na familia yangu. Yeye ndiye aliyemwosha mama yangu, jamani. Hakuondoka mpaka tulipoanua matanga.

Sasa siku ile maji yalikuwa yamekatika, na mnajua tunavyoishi: unaacha bomba wazi na ndoo chini yake ili yakirudi usikie. Kwake yalirudi hakuna mtu. Tuliporudi nyumbani, dari letu lilikuwa limeanguka kitandani, cherehani zimeshika kutu, vitenge vya wateja vinanuka uvundo. Watoto nimewapeleka Simbo kwa bibi yao mzaa baba.

Mkaguzi wa bima alikuja, kaka mpole tu. "Dada, tutakulipa. Wewe andika maelezo, nani aliacha bomba wazi. Halafu sisi tutamdai yeye."

"Na asipokuwa na kitu?"

"Si ana nyumba?"

Mume wangu amechachamaa. "Tumelipia bima miaka yote hii ya nini? Huruma yako itatujengea dari?" Nikimwambia yule ndiye mama niliyebaki naye, ananijibu kwamba mama yangu tulishamzika. Neno hilo limenichoma mpaka leo.

Nilifikiria kusema bomba lilipasuka lenyewe. Lakini nikigundulika tunakosa vyote, na uongo sijauzoea.

Nikapanda juu kumweleza Mama Nasra. Nyumba ile ndiyo kitu pekee alichoachiwa na marehemu mumewe, nikajua atalia. Alinipakulia ugali na migebuka, akasubiri nimeze tonge la kwanza. "Mwana wanje, mwanangu, sema ukweli. Bomba niliacha mimi. Hao watoto watakaa Simbo mpaka lini?" Bora angenitukana. Nilishindwa kula, nikashuka nikalia kwenye ngazi.

Mkaguzi anarudi Ijumaa. Najua atauliza kwa nini bomba liliachwa wazi, na jibu ninalo: mimi nilikuwa nalia, na yeye alikuja kunishika. Ndugu zangu, nishikeni na nyinyi. Naanzaje kuandika jina lake?