Honi ya lori ya majani chai ilivyotujazia kanisa, nusura tufukuzwe kijijini

Paaaaam! Pam-pam.

Wakuu, hiyo ni honi ya lori ya majani chai, na mpaka leo ikinilia kichwani naanza kutafuta viatu.

Habari zenu lakini? Mimi huwa nasoma tu za wengine hapa nikicheka. Leo wacha niwape yangu. Sijatia chumvi, na mashahidi wangu ni watoto wa kijiji kizima. Watoto hawajui kuficha.

Nasoma certificate ya chekechea kwa university moja. Wale wa digrii hutuita watu wa a-e-i-o-u. Sawa tu. Kwetu ni Fort Ternan, sisi ni watu wa miwa. Chai nilikuwa naijua ikiwa kwa kikombe.

Likizo iliyopita tukaenda kuvolunteer kijiji kimoja upande wa Kaplong. Mpango ulikuwa darasa la kusoma kwa kanisa, bure. Mimi nilikuwa nishaona jina langu limeandikwa ukutani.

Siku ya kwanza hakuja mtoto. Ya pili alikuja mbuzi.

Chuo kikatuma message: wiki ikiisha hivyo, tunahamishwa. Nililia kidogo, siwafichi. Nilikuwa nimechora herufi zote kwa makatoni na kuzipaka rangi.

Si ati hatukuita watu. Tuliita kwa spika ya kanisa, tukaimba, hata kiongozi wetu Brayo akahubiri. Wapi! Kila mtu yuko anachuna majani, na mtoto yuko huko na mamake.

Kitu cha kuwatoa shambani kilikuwa kimoja. Jioni lori ikipiga honi kwa kona ya chini, wanashuka mbio na magunia hadi buying centre, hapo kando ya kanisa, karani awapimie kabla lori iende.

Niliipenda hiyo honi mpaka nikairekodi kwa simu. Nilitaka tu kuwa nayo.

Brayo akaisikia. "Leta hiyo simu. Hawa watu leo watakuja."

"Brayo, wacha."

Akaichomeka kwa spika. Saa nne asubuhi.

Paaaaam! Pam-pam.

Wakuu, walikuja! Mama Cherono, mwenye alitupa mahali pa kulala, alifika na kiatu kimoja. Mwenyekiti wa wakulima alikuja na povu la kunyoa shavuni. Kogo mmoja, nyanya aliyekuwa akituambia magoti yake yamekufa, alipita vijana kwa mteremko.

Wakatua magunia. Wakaangalia barabara. Hakuna lori. Kuna mimi, na katoni ya herufi A.

Brayo alikuwa ameingia choo.

"Lori iko wapi?" Mwenyekiti akauliza.

"Chamgei," nikasalimia.

Mwenyekiti akafuta povu shavuni.

Shida ni kwamba majani yakishindiliwa kwa gunia mpaka jioni yanachemka, yanakuwa mekundu, na karani anayakataa. Mwenyekiti akatuambia tufunge mabegi. Mama Cherono alitia mkono kwa gunia lake kuangalia kama yameanza kuchemka, na hiyo ndiyo iliniuma.

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Wamama, rudini shambani. Nitayatandaza hapa kivulini niyageuze mpaka lori ije. Yakiharibika, tufukuzeni."

Kogo akacheka. "Ugeuze yote na hiyo mikono ya chaki? Basi kaa na hawa watoto pia, wakusaidie."

Wakatuachia watoto. Wote!

Tukatandaza, rundo la kila mtu kando. Tukageuza tukiimba. Halafu nikawaambia wapange majani machache yafanane na herufi za katoni. Tukapata A ya majani, B ya majani, na moja ya mtoto mdogo ambayo mpaka leo sijui ni nini, lakini nilimpigia makofi. Brayo alipotoka choo alipewa rundo kubwa.

Jioni ikafika. Paaaaam! Lori yenyewe.

Hakuna mtu aliyeshuka.

Huko juu kwa majani tukasikia sauti ya mama: "Brayo, zima hiyo kitu! Tumechoka na wewe!"

Dereva akawasha injini. Karani akaanza kufungasha mizani. Nikageukia watoto: "Iteni mama zenu!" Wakatawanyika kama vifaranga, "Lori ya ukweli! Lori ya ukweli!"

Gunia la mwisho lilipandishwa lori ikinguruma. Karani alitia mkono ndani ya kila gunia, akapitisha yote. Akasema hata leo majani ni baridi kuliko siku zingine.

Asubuhi, kabla sijanawa uso, Mama Cherono alikuwa mlangoni na wanawe. "Mwalimu Cheplori, hawa ni wako mpaka honi." Nyuma yake kulikuwa na foleni. Huko wasichana wengi majina yao huanza na Chep. Mimi nikawa msichana wa lori.

Nilichojifunza: tulifika na kitu cha kupeana, hatukuuliza mikono ya watu imejaa nini.

Nyinyi mlioenda kuvolunteer, wenyeji waliwabatiza nani? Andikeni hapa chini. Na Brayo, kama unasoma, nyanya bado anauliza kama tumbo lilipona.

Ngoja, nilitaka kusahau. Siku ya kuondoka Mwenyekiti aliniomba kitu kimoja tu, nifute ile honi. Nikaketi peke yangu kwa jiwe pale kona ya chini, nikaweka earphone ndiyo mtu asikimbie, nikaisikiliza mara ya mwisho.

Halafu nikaifuta.