Mama na Kamba wa Luiziana

Wewe unayenisikiliza, huenda hujawahi kuketi kwenye meza isiyo na sahani wala uma, ukamwagiwa chakula mbele yako kama mahindi yanayoanikwa juani. Usiogope. Hata mimi niliogopa mara ya kwanza, kisha nikajifunza, nami nitakueleza polepole.

Palikuwa na mkahawa upande wa Maryland, si mbali kwa gari kutoka kwangu Bowie. Ulipika vyakula vya Luiziana, jimbo la kusini lenye mabwawa mengi, ambako watu waitwao Wakajuni hupika vitu vya majini kwa pilipili, kitunguu saumu na subira. Mkahawa wenyewe ulikuwa wa zamani. Watu waliokuja pale wakiwa wachumba sasa walikuja na wajukuu, na mhudumu wetu, mama wa makamo aliyechomeka kalamu nywelini, aliwakumbuka wateja kwa kiasi cha pilipili walichoweza kustahimili. Sakafu ilikuwa ya simenti, meza za mbao zimechubuka, na taa moja juu ya mlango ilikuwa ikipepesa tangu nilipoanza kwenda. Niliwapenda kwa hilo. Hawakuhangaika kujipamba, nguvu zao zote zilikuwa kwenye sufuria.

Nilizoea kwenda peke yangu nikitoka zamu hospitalini. Lakini siku ninayotaka kukusimulia ilikuwa Jumamosi mchana, baridi imeisha, katika ile miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Mama yetu alikuwa amesafiri kutoka Kakamega kuja kumwona kijana aliyetaka kumwoa mdogo wangu. Kijana alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa mtaa wa Columbia Heights, ila baba yake alitoka Luiziana, na baba huyo ndiye aliyetualika pale. Mdogo wangu alikuwa ameshasema wazi: Mama akimkataa, yeye haolewi.

Yule mzee alikuwa amesoma Kiswahili chuoni ujanani, Kiswahili safi cha vitabuni. Aliinama mbele ya Mama kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama!"

"Mzuri sana," Mama akajibu. Kwetu bara shikamoo hupita njia, haina nyumba.

"Leo nitawalisha kamba," mzee akasema kwa fahari.

Mama akanigeukia. "Kamba? Hii ya kufungia ng'ombe?"

Unaona, kwa watu wa pwani, na katika vitabu vya yule mzee, kamba ni mnyama mdogo wa majini mwenye gamba na miguu mingi. Kwetu kamba ni kamba. Mzee alicheka hadi akashika meza.

"La, mama. Huyu anaogelea."

"Basi mfungeni vizuri," Mama akasema, "asije akatutoroka."

Tukacheka sote, nikaona mdogo wangu ameshusha mabega. Mhudumu akatandika karatasi pana mezani, akaja na beseni, akalipindua. Wakamwagika kamba wa matope, wekundu kama pilipili mbivu, pamoja na mahindi ya kuchemsha na viazi, mvuke ukipanda usoni mwetu. Ukitaka kumla kamba huyo, mshike kichwa kwa mkono mmoja na mkia kwa mwingine, nyonga, kisha vuta. Menya pete ya kwanza ya gamba, bonyeza mwisho wa mkia, na nyama itatoka yenyewe. Utaharibu watatu au wanne kwanza. Hiyo si aibu, ni karo. Pilipili yao haikupigi kofi mlangoni; hukukaribisha, ikakuketisha, ndipo ikaanza kuongea. Na kuna mchuzi mzito wa bamia, wenye rangi ya udongo wa kwetu baada ya mvua, ambao sijawahi kuumaliza bila kupangusa bakuli kwa mkate.

Mama hakula.

Alikuwa amevuta leso yake hadi kwenye paji la uso, akageuza kiti kidogo kuelekea dirishani. Kijana, aliyeketi mkabala naye, alimenya kamba mmoja baada ya mwingine, akampangia nyama safi kwenye ukingo wa karatasi yake. Kila alivyomsogezea, ndivyo Mama alivyozidi kugeuka.

"Anaogopa miguu yao," mzee akaninong'oneza. "Mwambie hawaumi."

Mama alimsikia. "Mimi nimekula kumbikumbi tangu nimeota meno," akaliambia dirisha. "Siogopi mdudu."

Kijana aliacha kumenya. Vidole vyake vyekundu vilibaki hewani, hajui avipeleke wapi. Mdogo wangu akanivuta hadi kwenye sinki la kunawia.

"Dada, ame-refuse. Amekataa chakula chao, ni kama amenikatalia huyu mtu. Sasa ni-cancel kila kitu?"

"Ngoja kwanza tumuulize."

"Muulize wewe. Mimi nitalia."

Nikarudi, nikachuchumaa kando ya kiti cha Mama, nikamuuliza kwa lugha yetu kama hampendi yule kijana.

"Nani amesema simpendi?" akanijibu kwa ukali wa chini chini. "Njaa inaniuma, na harufu hii itaniua. Lakini mmenikalisha uso kwa uso na mkwe wangu. Nitafunguaje mdomo?"

Mkwe wangu. Nikamwomba alirudie neno hilo.

"Mkwe. Umeziba masikio?"

Hapa nikueleze. Kwetu mama mkwe hali mbele ya mume wa binti yake, wala hamtazami ovyo. Ndiyo heshima yao wawili. Kijana wa kawaida, mpita njia tu, Mama angekula naye na kumnyang'anya kiazi. Kwa kukataa kula mbele ya huyu, alikuwa ameshamkubali zamani, pengine tangu pale mlangoni.

Nikamweleza mzee kwa Kiswahili, naye akamweleza mwanawe kwa Kiingereza. Kijana akatutazama mmoja mmoja.

"Yaani nikifukuzwa mezani ndiyo nimekubaliwa?"

"Ndiyo!" mdogo wangu akasema, machozi yakimshuka. "Haya, toka! Nenda!"

Akakusanya kamba wake kwenye kipande cha karatasi, akahamia meza iliyokuwa nyuma ya nguzo, akatupa mgongo. Mhudumu akasimama na jagi la maji mkononi.

"Mmegombana?"

"Hapana," mzee akamwambia. "Ameoa."

Mama akarudisha kiti chake mahali pake, akaenda kunawa, akanyonga kamba wake wa kwanza vizuri kuliko nilivyonyonga wangu wa kumi. Akaonja mchuzi wa bamia, akafumba macho. "Huu ni mrenda," akasema, akimaanisha mboga yetu ya kuteleza, "ila umetembea dunia." Akaomba bakuli la pili.

Kutoka nyuma ya nguzo kijana akauliza, bila kugeuka, kama mama anakula.

"Mwambieni asigeuke," Mama akasema mdomo umejaa. "Bado sijashiba."

Basi nawe, siku ukitaka kumpeleka mama mkwe wa kwetu mahali kama pale, piga simu mapema, na uombe meza mbili.