Mche Ulioota Chumbani kwa Baba Mdogo

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, nyumbani kwetu Igogo, kando ya ziwa, kulikuwa na chumba ambacho dirisha lake halikufunguliwa, na humo ndani kiazi kitamu kimoja kilishikilia maisha ya mtu. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kuamini ishara. Naeleza tu ilivyokuwa.

Chumba kilikuwa cha baba mdogo. Alipanda mtumbwi wa injini kwenda Sengerema kuangalia shamba lake la viazi, upepo ukawakuta katikati ya ziwa. Wenzake walipatikana, wengine wazima, wengine maiti. Yeye hakupatikana kabisa. Kwetu, mwili usipoonekana, wazee huzika gogo la mgomba badala yake, matanga hufanyika, na mke hujua kwamba ni mjane. Bibi, mama yake mzazi, alikataa katakata.

"Nizike mgomba? Kwani mimi nilizaa mgomba?"

Aliyeumia ni mama mdogo Minza, mke wake. Hawakuwa wamejaliwa mtoto, na hakumzidi sana umri dada yangu mkubwa. Alikaa humo chumbani, si mke, si mjane. Watu wa kwao walivuka ziwa zaidi ya mara moja kuomba matanga yafanyike ili wamchukue binti yao. Bibi aliwapa uji, akawarudisha.

Jirani yetu Mama Zuhura, mzaliwa wa mjini ambaye Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko chetu sote, alikuja kumpa Bibi pole. Bibi akamuuliza mtu atajuaje kama mwanawe yuko hai. Mama Zuhura, kwa huruma tu, akajibu, "Ukiota, bibi, basi yu hai."

Sasa, Bibi alikuwa Msukuma wa kijijini, Kiswahili alikijulia ukubwani. Tena usingizi ulishamkimbia, ndoto angeipata wapi? Siku moja akifagia uvunguni mwa kitanda cha baba mdogo alikuta kiazi kilichobiringika kutoka kwenye gunia la mwisho ambalo mwanawe alituletea. Kilikuwa kimetoa mche mweupe, pale gizani, bila udongo wala tone la maji. Bibi alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

"Umeota! Mche umeota! Mwanangu yu hai!"

Mama Zuhura alipoelezwa alishika kichwa. "Jamani, bibi, mimi nilisema ndoto. Ndoto za usingizini!"

"Ulisema ukiota. Na huu umeota. Unataka uoteje tena?"

Hata leo nikilitafuta kosa katika maneno yale, kisarufi silioni.

Kuanzia hapo dirisha likafungwa, na juu ya pazia likatundikwa blanketi. Bibi alisema mche ukiona jua utashtuka. Mimi, na kiherehere changu, nikamwambia kwamba shuleni tumefundishwa mmea hauwezi kuishi bila jua, maana bila jua hautengenezi chakula.

"Mwambie mwalimu wako aje aone," akasema Bibi.

Na kusema kweli, mwalimu angepata taabu. Mche ule ulirefuka kuliko wowote wa shambani. Ulitambaa ukutani, mwembamba kama uzi, na majani yake madogo hayakuwa na rangi hata kidogo. Kila uliporefuka, Bibi alichangamka. Mama mdogo alilala humo humo, akiamka anapapasa asije akaukanyaga. Aliniambia mara moja tu, tulipokuwa tunachambua dagaa uani: "Nauchukia ule mche. Halafu nikiuona umelegea, naogopa." Nilimhurumia sana.

Lililofuata halikuwa na muujiza wowote. Mchana mmoja Bibi aliingia kuangalia, akakinyanyua kiazi chenyewe. Muda wote ule tulikuwa tunautazama mche, kiazi hakuna aliyekijali. Kilikuwa chepesi, kimenywea, kimebaki ganda. Alikibonyeza kikapasuka, na ndani hamkuwa na kitu.

Alikaa kitandani. "Kumbe kilikuwa kinajila," akasema.

Kisha akainua macho, akamwona mama mdogo amesimama mlangoni, mashavu yameingia ndani, kanga inamvuka mabegani. Alimwangalia sana. Halafu akainuka, akaling'oa blanketi, akafungua dirisha kwa mkono wake. Hakuna aliyemwomba.

Matanga yakafanyika, mgomba ukazikwa, mama mdogo akanyolewa kama desturi inavyotaka. Watu wa kwao walipokuja kumchukua, Bibi alisema atamsindikiza mwenyewe hadi kivukoni, na mfuko wa nguo akaubeba yeye. Abiria walipoanza kuingia, Minza akaangua kilio, akauliza lile ambalo sote tulikuwa tunaliogopa.

"Mama, akirudi je?"

"Akirudi," Bibi akasema, "nitamwambia mimi ndiye niliyekufukuza. Panda, mwanangu."

Watoto wangu sasa wanaleta swali lile lile kutoka shuleni, kama mmea unaweza kuishi bila jua. Nawajibu kwamba unaweza kwa muda, maadamu una akiba ya kula. Kuhusu Bibi, kwa miaka mingi nilidhani kwamba siku ile pale kivukoni aliacha kuamini kuwa mwanawe yuko hai. Nami sasa ni mama, sidhani hivyo tena. Naona aliendelea kumsubiri mpaka alipokufa. Ila aliamua kusubiri peke yake.