Uji wa Siku ya Mwaka

Nilipokuwa mtoto nilikuwa mkaidi, sikatai, na ukaidi huo ulinifunga na jambo ambalo mpaka leo naona haya kulisema mbele ya wasomi.

Kwetu Kivinje, katikati ya kipupwe, siku zikiwa fupi na maji ya mtungi yakiuma meno, uliingia mwaka wa wazee. Alfajiri watu walikwenda kukoga baharini. Wakirudi, nyumba nzima ilipumzika: hakuna kutwanga, hakuna kulima, hakuna kuwasha moto. Jana yake Bibi Somoe, mama yake mama, alizima jiko, akazoa majivu na kuyamwaga njia panda. Tulikula kunde baridi, tukakaa, kila mtu akijiuliza mwaka uliopita kamkosea nani. Bibi alisema moto nao huchoka. Ukiulazimisha kuvuka mwaka, utadai mtu wa nyumba hiyo.

Mwaka ule mama alikuwa karibu kujifungua, na homa ilimshika tangu jana yake. Alijifunika kanga tatu na bado alitetemeka. Roho iliniuma. Bibi alipokuwa akizima jiko, alipogeuka tu nikaficha kaa la moto la mkoko kwenye chungu kibovu, nikalifukia kwa majivu nyuma ya banda la kuku. Kesho yake nikalipuliza, nikapika uji wa mtama.

Bibi alinikuta nakoroga. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alichutama, akautazama ule moto, akauliza kama mama ameshakunywa. Nikasema bado.

“Nipe mimi kwanza,” akasema.

Akanywa mafunda matatu ya moto, machozi yakimtoka. Kisha akanirudishia bakuli.

“Moto ukidai mtu, udai aliyetangulia kunywa. Mpelekee mama yako, na usimwambie.”

Mama alikunywa, jasho likamtoka, akalala. Baada ya siku nne akajifungua salama. Mimi kila asubuhi nilikuwa nikihesabu watu wa nyumbani. Siku ya saba, siku ya kumtoa mtoto nje, Bibi hakuamka. Alilala ubavu, mkono chini ya shavu.

Najua. Alikuwa mzee, na kifua kilimsumbua tangu masika. Daktari yeyote atanieleza hivyo nami nitaitikia. Lakini nilikua nikiamini nimemuua bibi yangu, na mama amekufa hajui.

Siku hizi nina jiko la gesi, na Siku ya Mwaka siligusi. Binti yangu Mwanahawa hunitania, eti gesi nayo imechoka? Namwacha acheke. Nakaa barazani kutwa, najiuliza nimemkosea nani, na jibu huwa lile lile.

Mwaka huu Mwanahawa ana mimba ya miezi minane. Siku ya Mwaka yenyewe aliamka anatetemeka, akaniomba chai ya moto. Nilisimama jikoni na kibiriti mkononi, nikaogopa kama mtoto. Nikawasha. Chai ilipochemka nikajimiminia mimi kwanza, nikanywa ikiniunguza ulimi. Hapo ndipo nilipojua kwamba Bibi hakuwa amenikasirikia hata kidogo.

“Mama, mbona hunisubiri?” Mwanahawa aliuliza mlangoni.

Nikamwambia naonja sukari. Kipupwe hakijaisha bado, na kila asubuhi nikifumbua macho nasema alhamdulillahi, kisha nakwenda kumtazama yeye.