Waya Chini ya Mtulinga

Miaka ile ya themanini Malindi haikuwa na daktari wa moyo. Mama yangu, ambaye moyo wake ulikuwa na tabia ya kusita, aliwekewa kifaa cha kuupigisha huko Nairobi: kidude mfano wa saa ya mfukoni, kilichofukiwa chini ya ngozi upande wa kushoto, na waya mwembamba uliopita chini ya mtulinga, mfupa wa kati ya bega na shingo, ukafuata mshipa hadi moyoni. Betri tuliihofia sote. Waya hakuna aliyeufikiria, ingawa ndio uliokunjwa na kukunjuliwa kila alipoinua mkono.

Kisha, muda mfupi baada ya mimi kuoa, akaanza kuanguka uani, kwenye mwasumini, kila alipovuta tawi kwa mkono wa kushoto ili achume maua ya kikuba, kile kishada cha kunukia wanachojipambia wanawake. Nilimpeleka kwa daktari mmoja mwenye zahanati mjini. Alimpima amelala, mikono imetulia, akasema betri ni nzima. Nikamweleza habari ya mkono, nikamwomba aturudishe Nairobi. Alicheka, mlango u wazi, jirani zetu wamejaa benchini.

"Bi mkubwa, kinachokuangusha ni wivu. Mkazamwana kakunyang'anya jiko, nawe waanguka upate kubebwa."

Benchi zima likacheka. Mama alijifunika buibui hadi usoni, tukarudi nyumbani. Mimi nimesoma fikihi, na nilijua kuwa kisasi cha haki hulingana na jeraha, hakipungui wala hakizidi. Nilikitaka kamili. Nikamwambia nitakwenda na mashekhe wamkabili.

"Waache mashekhe," alisema. "Nipeleke siku ya benchi kujaa."

Tulirudi. Daktari alipotaka kufunga mlango, niliuzuia kwa mguu.

"Shika hapa, mwanangu," mama akamwambia, akimpa mkono wa kulia. "Wausikia mshipa?"

"Nausikia, bi mkubwa. Wapiga vizuri kabisa."

"Basi usiuachie."

Akainua mkono wa kushoto juu ya kichwa. Nilimtazama daktari, si mama. Vidole vyake vilipapasa huku na huku juu ya mshipa ulionyamaza, na jasho likamtoka. Utamu wa kumwona vile haujanitoka hata leo. Mama akamlegea begani, mkono ukaanguka wenyewe, moyo ukarudi.

"Mkazamwana wangu yuko nyumbani, akuna nazi," alisema alipopata sauti. "Leo nani kaniangusha? Au nirudie?"

Safari hii benchi lilimcheka yeye.

"Usirudie, mama. Nisamehe."

"Msamaha ngoja. Nataka Nairobi."

Barua ya rufaa tuliipata palepale. Nairobi walikuta waya umekatika chini ya mtulinga, ncha zake zikigusana mkono ukiwa chini, zikiachana ukiinuliwa. Wakauacha humo humo, wakaweka mwingine upande wa kulia, na mama akaacha kuanguka. Mama hakumsamehe daktari. Wanawake wa mtaa wetu hawakukanyaga tena kwake, na mwaka uliofuata alifunga zahanati akahamia Mtwapa.