Vifundo vya Kunde

Kunde zangu zilikuwa za manjano kama macho ya mgonjwa wa ini. Nilizipanda nyuma ya jiko la nyumba ninayofanyia kazi, Al Warqa, mtaa mmoja wa huku kwa Waarabu, kwenye ndoo mbili alizonipa madam na udongo wa mfuko kutoka dukani. Nikang'oa mche mmoja kutazama mizizi. Ilikuwa myeupe, misafi kabisa, haina kifundo hata kimoja.

Nilisomea kilimo kabla sijaja kupiga pasi nguo za watu, kwa hiyo nilijua kilichokosekana. Mkunde unahitaji naitrojeni, nayo imejaa tele hewani, lakini peke yake hauwezi kuitumia. Bakteria wa udongoni ndio wanaoufanyia kazi hiyo. Huingia mzizini, mmea ukawajengea kifundo cha kukaa na kuwalisha sukari, nao kwa nguvu za sukari hiyo huivunja naitrojeni na kuigeuza amonia, ambayo mmea unaweza kuila. Kazi hiyo huharibiwa na oksijeni, na bila oksijeni bakteria hawapumui. Basi ndani ya kifundo mna rangi nyekundu, ndugu na hii ya damu yetu, inayowagawia oksijeni kidogo kidogo. Ukikipasua kifundo kizima kwa ukucha unaiona.

Mama kila alipofungua shamba jipya alibeba kikapu cha udongo wa shamba la zamani, akaunyunyiza kwenye mashimo ya kunde. Bibi naye alifanya hivyo. Bakteria wale walikuwa wamehama na ukoo wetu, shamba hadi shamba.

Mama amekufa. Sikwenda kuzika, sir, mume wa madam, nilipomwomba ruhusa aliniambia inshallah mwezi ujao, na mwezi huo mpaka leo sijauona. Kaka zangu wakaliuza shamba upesi kama waliokuwa wakingoja, na aliyelinunua anajenga nyumba za kupangisha. Nilichotaka ni kimoja tu, kitu cha mama kiendelee kuishi karibu nami. Nikampigia dada yangu mkubwa.

"Dada, nichimbie udongo kwa mama, pale bondeni kwenye kunde, kabla hawajajenga. Mpe mtu anayekuja huku."

Sikumweleza zaidi. Ningemwambia nini, kwamba nalilia vijidudu?

Kopo la udongo lililetwa na jirani yetu wa nyumbani anayefanya kazi huku, akirudi kutoka likizo. Nilipolifungua pale jikoni nikasikia harufu ya moshi. Ndani mlikuwa na vidonge vya udongo, vigumu, vimepangwa vizuri, vimebanikwa hadi vikawa vyeusi pembeni. Ulikuwa udongo wa kula, ule wanaotafuna wanawake wajawazito kwetu. Hakuna bakteria wa kunde anayepona moto ule. Nikakaa sakafuni, nikampigia dada.

Dada alipokea simu akicheka.

"Umeupata? Nimeuchimba palepale bondeni kwa mama, nikaubanika mwenyewe kwa kuni, usije ukapata minyoo. Haya niambie, mdogo wangu, mimba ina miezi mingapi? Sijamwambia mtu, wallahi. Miaka yote hii nakuombea."

Nina miaka arobaini na saba. Hedhi yangu imeshakatika, na mume aliyeniacha kwa kukosa mtoto sasa ana wanne. Nilimjibu kwa hasira ambayo hakustahili: hakuna mimba, wala haitakuwapo, nilitaka udongo mbichi wa kupandia kunde.

Nilimsikia akivuta kamasi.

"Ungesema," akaniambia. "Juzi wamemwaga zege. Pote."

Madam aliita kutoka sebuleni, wageni wanataka chai, yalla, upesi. Nikaitika, nikainuka, nikabandika birika. Kisha nikachukua kidonge kimoja, nikakitia mdomoni na kukitafuna mpaka kikaisha, nikachukua kingine.